Mama, Kwaya Ilikaa Chini Pamoja Nami

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utanigombeza hata huko uliko.

Nakuandikia kutoka Durban, chumbani kwangu mtaa wa Berea, sauti imenikauka kwa kuimba. Unakumbuka ulivyokuwa ukinifundisha nyimbo za kwaya pale jikoni Iringa, huku unachambua mchele? Kidole kimoja hewani: do, re, mi. "Fungua mdomo," ulikuwa ukisema. "Mungu si kiziwi, ila waumini wa viti vya nyuma wanasinzia." Basi mdomo huo sasa umeimba opera, mchezo wa kuigiza unaoimbwa mwanzo hadi mwisho. Ni wa Ulaya ya zamani sana, ulikuwa umelala maktaba karne na karne hadi kikundi chetu kikaufufua. Una kinanda kinacholia kama vijiko kwenye sufuria. Ungekicheka siku nzima.

Hadithi yake ni ya miungu ya kale ya Wagiriki. Mungu mke wa mavuno ananyang'anywa binti yake na mfalme wa kuzimu, naye anazunguka dunia nzima akimtafuta. Mimi ndiye nilikuwa huyo mama.

Sasa sikiliza. Ulipofariki, kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa bado kinashughulikiwa. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Nikakuzika kwa simu, picha ikikatikakatika. Tangu siku ile sikulia, chozi liligoma kabisa. Na wimbo wa maombolezo ukagoma nao: kila nikifika pale mama anapogundua mwanawe hayupo, sauti inakatika. Nomusa, mwongozaji wetu, mpole lakini hana mchezo na kazi, akaniambia nikishindwa tena nafasi itakwenda kwa mwingine. Sikumlaumu, onyesho lilikuwa limekaribia.

Wanakwaya wetu wengi wametoka makanisani, Wazulu na Wakongo. Nomusa alikuwa amewapanga wasimame mbali, pembeni mwa jukwaa, wanitazame. Kwenye mazoezi yaliyofuata nikaanza, sauti ikakwama palepale. Mara namwona Mama Furaha, Mkongo anayeuza vitenge mjini, anavua viatu, anakuja katikati na kukaa sakafuni kando yangu. Mwenzake akafuata, kisha wengine wote. Jukwaa likawa kama ua wenye msiba.

Nomusa akasimamisha kinanda, akauliza kulikoni. Mama Furaha akamweleza kwa Kiingereza chake, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili cha kwao: "Ule mama amepoteza mutoto, na siye tuko tunasimama kule kama polisi? Kwetu haiko vile."

Nilicheka, Mama, na ndani ya kicheko machozi yakaja, nikalia hadi kwikwi. Nikawaambia kwamba ninayemlilia ni wewe. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Wazulu hawakuhitaji kuelezwa, kwao pia mfiwa hukaa chini. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinishika mkono kwenda misibani kwa watu nisiowajua, ukininong'oneza, "Usiulize kitu. Kaa tu." Nomusa akasema "Eish," akafuta macho, akaamuru wote wabaki walipo. Nikaimba wimbo ule hadi mwisho, nimekaa sakafuni.

Hivyo ndivyo tulivyoucheza Jumamosi mchana, ukumbi umejaa. Asante kwa sauti uliyonipa, na zaidi asante kwa misiba yote uliyonikokota nikinung'unika. Bila hiyo nisingeelewa watu hawa walikuwa wananifanyia nini. Mwishoni mwa opera binti anarudishwa kwa mama yake sehemu ya kila mwaka. Kwetu sisi hakuna wa kurudishwa, najua, na bado inauma. Lakini nina shukrani kuliko uchungu.

Makofi yalipokwisha, nyuma ya jukwaa, tukiwa bado na mavazi ya maigizo, Mama Furaha alimimina chai, akagawa mandazi, akaniketisha katikati yao. "Sasa tuambiye," akasema, "mama yako jina yake nani?"

Nikasema: Yusta. Tangu ufariki sikuwahi kulitamka mbele ya watu. Wakalirudia wote, kila mmoja kwa lafudhi yake, kisha wakakuimbia.

Tumekuzika upya, Mama, na safari hii nilikuwepo.

Lala salama,
Kitindamimba wako