Maneno Uliyoyasema Msibani

Nyumbani,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi tupo. Mimi nimechoka, lakini hilo si jipya, wala usilitie moyoni.

Mama hajambo. Miguu inamuuma asubuhi na masikio yamegoma, ingawa akisemwa yeye anasikia vizuri hata akiwa chumba cha pili. Kila akimaliza kula anauliza kama na wewe umekula. Namwambia umekula. Shemeji yako bado anatengeneza saa za watu pale pale kwenye kibanda chake, na ya kwetu ukutani haijawahi kwenda sawa tangu tuoane.

Barua yako ilifika juma lililopita. Nilifurahi kusikia kwamba umeokoka, na kwamba kanisa la huko linataka kukuwekea mikono uwe mzee wa kanisa. Nilimsomea Mama sehemu hiyo kwa sauti ya juu, nikarudia na kurudia, mpaka jirani akaja mlangoni kutoa hongera. Sehemu iliyofuata sikumsomea.

Unasema mchungaji wako anataka neno kutoka kwa ndugu zako wa damu, kwamba mna amani, na unaniomba niandike mistari michache. Halafu unasema, popote ulipotukosea tukusamehe, yaliyopita yamepita. Kaka, hiyo "popote" niliisoma nimekaa kitandani na viatu vya kazini miguuni, nikashindwa hata kuvivua.

Mimi napajua. Ni sebuleni kwetu, siku ya pili ya msiba wa Baba. Ulisimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia, ukasema Baba hakufa kwa ugonjwa, amekufa kwa kukosa mtu wa kumwangalia. Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe. Watu wakanitazama, kisha wakatazama vikombe. Kesho yake wewe ukasafiri.

Uliviona vidonda vya mgongoni wakati wa kumwosha. Hukuuliza. Ungeuliza ningekwambia kwamba mtu aliyelala muda mrefu vile hutoka vidonda hata ukimgeuza usiku na mchana, na mimi nilimgeuza. Nilikuwa nafua mashuka ya hospitali kutwa, nikirudi nafua ya Baba. Shemeji yako alijifunza kumnyoa, na mikono yake ile ya kushika vitu vidogo ikafaa. Haya sikuyasema siku ile kwa sababu sikutaka kujitetea juu ya jeneza la baba yangu, na baadaye hakuna aliyeniuliza.

Kanisani hawakunifukuza. Zamu yangu ya kutembelea wagonjwa ndiyo ilianza kurukwa, kwa adabu, kwa tabasamu, mpaka nikaacha kwenda kwenye kikao cha kikundi cha akina mama. Nikakuchukia, kaka. Nakwambia wazi usije ukadhani nilikasirika tu. Tangu hapo, Meza ya Bwana ikiandaliwa na mkate ukafika kwenye benchi letu, nilikuwa naupitisha kwa jirani. Ningeulaje, na wewe umenikaa moyoni namna ile?

Sasa nikueleze lililotokea kazini, maana bila hilo ningekujibu vibaya, au nisingekujibu kabisa.

Kwenye chumba cha kufulia tuna mama mmoja wa kupiga pasi tunayemwita Bi Kimya. Ukimsalimia asubuhi, jibu unaweza kulipata mchana. Mwezi uliopita mashuka ya chumba cha upasuaji yalikutwa yameungua, na mimi, mbele ya msimamizi na wenzetu wote, nikamtaja yeye. Nikaongeza kwamba macho yake yamezeeka, apewe kazi ya kukunja. Yeye akachukua shuka jingine, akaendelea kupiga pasi. Baadaye fundi umeme akafungua ile pasi kubwa, akakuta imeharibika ndani, inaunguza yenyewe. Nikamfuata Bi Kimya kwenye korido, nikamwomba radhi kwa sauti ya chini, nikajiona nimetenda lipasalo Mkristo.

Akaniambia, "Mwanangu, kunisema ulinisema mbele za watu. Radhi ndiyo unaniletea huku koridoni?"

Nilirudi ndani, nikaomba mashine zizimwe, nikasema mbele ya wote kwamba nilimsingizia mwenzetu, na kwamba nilifanya hivyo kwa kuogopa nisije nikaulizwa mimi. Hilo la mwisho sikuwa nimepanga kulisema. Msimamizi akawa anatazama sakafu. Bi Kimya akasema, "Yameisha. Washeni mashine, mashuka hayajifui." Akarudi kwenye pasi.

Nilikaa kwenye kapu la mashuka machafu nikalia, na humo humo nikakukumbuka. Nilikuwa nimeonja jinsi ilivyo chungu mtu kulitaja kosa lake mwenyewe huku watu wanamtazama. Kwa mara ya kwanza nikakuonea huruma. Nikamwambia Mungu pale pale, na jasho langu na sabuni yangu, kwamba nimechoka kukushikilia, namwachia yeye.

Kwa hiyo nimekusamehe. Sikungoja uombe vizuri. Jumapili iliyopita mkate ulipofika nilikula, na jirani yangu wa benchini, aliyezoea kupokea, akabaki amenyoosha mkono.

Lakini kaka, msamaha wangu haufikii masikio ya waliokuwa sebuleni siku ile. Walikusikia wewe, na wa kuwaeleza vingine ni wewe, si mimi wala Mama. Shangazi yumo, mwenye duka yumo, akina mama wa kikundi wamo. Simu unayo. Usipopiga, nilichokupa nimekupa, sikirudishi mfukoni. Ila usiniambie tena kwamba yaliyopita yamepita, maana mimi nakutana nayo nikienda kununua chumvi.

Nisalimie sana wifi yangu, na watoto wote, hasa yule mkorofi aliyerithi kicheko cha Baba. Shangazi anakusalimu. Shemeji yako anasema ile saa yako ya mkononi uitume, ataitengeneza bure. Mama anasema uvae nguo nzito, na kwamba mzee wa kanisa hapigi kelele ndani ya nyumba yake.

Karatasi ya pili humu ni ya mchungaji wako. Sikuweza kuandika kwamba hapakuwa na kitu kati yetu, nisingeweza kuiweka sahihi yangu chini ya hilo. Nimeandika hivi tu: "Mchungaji, huyu ni kaka yangu wa tumbo moja, nampenda, na nimemsamehe kwa moyo wote. Nimemsamehe nini, tafadhali mwulize yeye." Bahasha yake sijaifunga. Uisome kwanza, halafu uamue kama utampa.

Mungu akulinde na nyumba yako, na siku utakayoulizwa akupe ujasiri wa kujibu.

Wako akupendaye, hata sasa,
Mdogo wako.