Kaseti Iliyozibwa Karatasi

Jumatatu, 3 Juni
Sketi za shule sita zimeisha, vifungo bado. Kaka kapiga simu kutoka Dar, anacheka kama kichaa. Nyimbo zake za kwanza za roki zimepatikana, zile alizorekodi nyumbani kabla hajajulikana. Anazo fundi redio wa Mbeya aliyekuwa akimpigia besi. Nikamchukulie, eti niko karibu. Iringa na Mbeya, karibu! Sikumpongeza.

Jumatano, 5 Juni
Mbeya. Baridi na vumbi.

Kaseti nimeijua kabla haijapigwa. Mwandiko wa Baba: "Mama kwa watoto." Juu yake, kwa kalamu nyekundu, jina la bendi. Mama alijirekodi akiwa mgonjwa, mimi nina miaka minne. Baba akavunja vile vidude viwili vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Kaka akaziba matundu kwa karatasi, akarekodi bendi yake humo. Karatasi bado zimo. Miaka yote ananiambia kaseti ilipotea tulipohama. Mwongo mkubwa.

Fundi kaipiga. Gitaa, kelele, Kaka anabweka. Baada ya wimbo wa tatu gitaa linakatika, mwanamke anakohoa: "Huyo Semeni msimchape, bado mdogo." Halafu ngoma tena. Basi. Semeni ni mimi. Maneno matano ndiyo yaliyobaki. Fundi akasema kipande hicho kitakatwa nyimbo zikitolewa. Nimechomoa kaseti, nimetoka bila kuaga.

Alhamisi, 6 Juni
Simu kumi na moja. Sijapokea hata moja. Namchukia. Nimejichoma sindano ya cherehani kwa hasira.

Jumamosi, 8 Juni
Kaja mwenyewe hapa kwangu Ipogolo, Iringa. Nywele kapaka rangi, uzee wote huo! Anasema alikuwa na miaka kumi na saba, kaseti mpya hazikuwepo madukani. Nikamwambia ng'o, hii naitia jikoni iungue.

Kitu kimoja kinanizuia. Sauti ya Mama siikumbuki. Yule anaweza kuwa Mama, anaweza kuwa shangazi aliyekuwa akimuuguza. Baba hayupo, shangazi hayupo. Wa kuniambia ni huyu tu. Nimemwekea kile kipande. Hata hakijaisha: "Ndiye! Ndiye Mama. Haya, nipe."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Huyu anainama kwa mdomo.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Aseme kweli kwa lipi, na kitu anakitaka?

Baada ya kula nimempa. Chukua, toa nyimbo zako, sitakufuata. Kaitia kwenye begi, kafunga zipu. Ndipo nikamuuliza tena, taratibu: ni Mama?

Nikaanza kutoa vyombo.

"Sijui, mdogo wangu. Sauti yake nimeisahau. Jana nilisema ili unipe."

Nilitaka kumtupia sufuria. Sikumtupia.

Jumatatu, 10 Juni
Hakuondoka. Sijamsamehe, naye hajaomba.

Asubuhi kaitoa kaseti kwenye begi bila kuambiwa. Tumesikiliza kile kipande, tukarudisha, tukasikiliza tena, mpaka chai ikapoa. Yeye sikio lake kwenye spika kabisa.

Halafu kaniuliza kama Mama alikuwa na sauti nzito au nyembamba. Kaniuliza mimi.