Mashapo ya Chini ya Chupa

Jumatatu, 7 Julai
Nimewasha mashine ya kusaga, nimefagia unga wa jana, nimekohoa moshi. Kama kawaida. Injini ya marehemu mume wangu inakunywa dizeli kama mgeni wa harusini. Shemeji Omoding kapita tena, anataka tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na hapa kijijini Kwapa mahindi ndiyo kwanza yanavunwa! Nisiposaga nitakula nini? Nimemwomba asubiri mwezi uishe. Kakubali huku kanuna.

Jumatano, 9 Julai
Nimevuka mpaka hadi Busia, upande wa Kenya. Fundi Wandera kaniuzia chupa ya dawa ya kuchanganya na oili. Eti ina chembe ndogo mno, jicho halizioni, zinajipanga kwenye mikwaruzo ili vyuma visilane na dizeli ipungue. Nimemwamini nusu.

Alhamisi, 10 Julai
Niliiacha chupa itulie tangu jana, kama tunavyofanya na oili yote ya kupimiwa ya hapa mpakani: uchafu ushuke, tumimine safi. Leo chini kumejaa weusi. Mwizi yule. Nimetia ya juu kwenye injini, mashapo nimeyabakiza yawe ushahidi.

Jumapili, 13 Julai
Moshi uleule. Dizeli ileile. Kanisani sikusikia mahubiri. Mchana Shemeji kaja na mnunuzi, akaigonga injini kwa kidole kama anayechagua tikiti. Nilikasirika.

Jumatatu, 14 Julai
Nimekwenda kwa Wandera na ushahidi wangu, tayari kwa vita. Kainua chupa juani, kacheka.

"Mama, dawa ndio hii uliacha chini. Kwa injini uliweka mafuta tu."

Ilitakiwa kutikiswa. Yeye hakusema, mimi sikuuliza. Aibu imenishika hadi masikioni. Kaongeza oili kwenye chupa, tumetikisa kwa zamu mpaka weusi ukachanganyika, nikaitie kwenye injini upya. Kanionya kwamba chuma kilicholika hakirudi.

Ijumaa, 18 Julai
Moshi umepungua, haujaisha. Jerikeni ya dizeli ambayo kwa kawaida ingekuwa tupu bado ina kitu. Nimeichungulia mara ngapi sijui. Sitaki kufurahi mapema.

Jumamosi, 26 Julai
Shemeji kaja asubuhi. Nikatafuta mnunuzi nyuma yake. Hakuwapo. Alibeba gunia la mahindi yake. Akaliweka mwisho wa foleni, akakaa juu yake. Habari za vyuma hakuzigusa, wala mimi. Zamu yake ilipofika, nimemsagia laini, anavyopenda.