Siku Niliyoipita Njia ya Baba Yako

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mkwe wangu na huyo mdogo ambaye nasikia ameanza kusimama dede. Kikohozi chake kimeisha? Usimwogeshe maji ya baridi. Sisi huku tunapumua, Mungu anasaidia, ila magoti yananiuma na sababu yake nitakueleza. Uniwie radhi kwa mwandiko. Siku zote karani wa getini huniandikia, lakini hii nimeona niiandike kwa mkono wangu.

Jumanne iliyopita nilitembea ile njia ya msituni, yote, kutoka getini kwetu mpaka ufukwe wa upande wa pili. Usicheke. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye nyumba ya wafanyakazi wa hifadhi, nawaona wageni wakiingia asubuhi na mabegi mgongoni, na mimi sijawahi kuvuka hata daraja la kwanza la njia hiyo. Karani aliponiona nimevaa raba akaniuliza kama nami nimekuwa mtalii, anikatie tiketi. Nikamwambia akate ya kwenda tu, ya kurudi nitabebwa.

Nilikwenda na kaka yako. Najua hutaki nimtaje, lakini vumilia, soma.

Kule ndani ni kuzuri mpaka mtu unaona aibu. Miti ni ile ya tangu zamani, haikupandwa na mtu, mingine watu wanne hawaimalizi kuikumbatia. Unatembea kwenye kivuli, bahari huioni, unaisikia tu mkono wa kushoto. Halafu miti inaachana na unaiona chini kabisa, inajipiga kwenye miamba. Kaka yako alisema baba yenu alikuwa akisimama hapo kila mara, anajifanya ananoa panga, kumbe anaitazama bahari. Mimi alikuwa akirudi jioni namuuliza tu kama amekula.

Tukafika kwenye benchi la katikati, pale baba yako na kaka yako walipokuwa wakikutana saa sita, baba ametoka huku getini na kaka yako kule ufukweni, wakifyeka na kuondoa miti iliyoanguka. Wewe unaijua sheria yao, usipomkuta mwenzako benchini unaendelea mbele mpaka umwone. Ndiyo maana siku ya mazishi ulimwambia kaka yako mbele za watu kwamba alikaa kwenye raha zake, akamwacha baba afe peke yake kama mnyama. Miezi kumi na minne sasa hamjasemezana.

Mbele kidogo ya benchi kuna mteremko, chini yote mizizi, na ulikuwa umelowa. Ndipo baba yako alipoanguka. Kaka yako alitaka kunibeba nikakataa. Nilishuka kwa makalio, polepole, kama mtoto.

Sasa mwanangu, kaa chini.

Asubuhi ya siku ile baba yako alikuwa anashika kifua. Nikamwambia apumzike, akasema yeye si mgonjwa, ni mzee. Alipoingia kuoga nikachukua buti zake nikazificha kwenye gunia la mkaa. Nikampigia kaka yako simu, nikamwambia baba haji leo, nimemzuia, asimtafute, afanye kazi za upande wake alale mapema. Kisha nikaenda sokoni, nafurahi kwamba kwa mara moja nimemshinda yule mzee.

Niliporudi hayupo. Amevaa viatu vyake vyeusi vya kwendea sherehe, vile vya soli laini, amekwenda. Nilidhani amekwenda ofisini kunishtaki kwa wenzake. Nilicheka, mwanangu. Nikapika nikicheka. Mpaka saa kumi ndipo nikampigia tena kaka yako, na yeye akakimbia njia nzima.

Uliniuliza kwa nini baba alikutwa na viatu vile, nikakujibu sijui. Nilijua. Na daktari aliniambia, sikumwuliza, kwamba hakufa pale pale. Angefikiwa mchana, labda.

Kaka yako naye alijua. Ulipokuwa unamtukana alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Nilingoja aseme, hakusema. Yeye naye labda alingoja niseme mimi. Tangu siku hiyo tunakula sahani moja na hatujalitaja, mpaka Jumanne pale mteremkoni. Nilipomwambia nitakuandikia akanisihi niache. Akasema wewe una hasira kali, na yeye ameshaizoea, lakini mimi sitaiweza. Nikamwambia mtoto habebi mzigo wa mama yake kiasi hicho. Akasema mbona mimi nilimbeba miezi tisa na sikulalamika. Tukacheka kidogo, halafu tukalia, wageni wakapita wakitusalimia kwa adabu.

Sikuombi unisamehe. Ningekuomba hilo ningekuwa nimeandika kwa ajili yangu. Usinijibu mimi kwanza. Mpigie yeye. Hatasema mengi, unamjua, atakuuliza habari za mtoto. Usikate simu, mwache aulize.

Ukishamaliza naye, kama bado una neno na mimi, mimi nipo, sina pa kwenda.

Mkwe wangu msalimie, mwambie asifanye kazi kupita kiasi. Mdogo mbusu kwenye paji la uso.

Ni mimi,
Mama yako