Ngoma ya Mama Lennox

Shuleni, Ainabkoi
3 Juni 2025

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu. Natumaini mguu wako umepata nafuu na duka linaendelea. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma masikio.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umemwomba Mzee Muigai, mwenye ploti tunayopanga, amhamishe jirani yetu Mama Lennox, kwa sababu huvaa kanzu yake ya kanisa na kuanza ngoma na nyimbo saa kumi na nusu alfajiri.

Mama, kuna jambo nilikuficha. Nilipokuwa darasa la nane uliwaambia wateja kwamba msichana wako huamka mwenyewe kusoma. Sikuamka mwenyewe. Ngoma ile ndiyo iliyoniamsha. Wimbo wa kwanza nilinawa uso, wa pili nilifungua hesabu. Niliona haya kukuambia, ulivyokuwa umefurahi. Bila yeye nisingefika shule hii. Tafadhali, mwache aombe anavyoomba.

Binti yako,
Nyokabi

Langas
27 Juni 2025

Nyokabi wangu,

Huku tu wazima, mguu umepona. Nisamehe kwa kukawia. Barua yako ilifika Mzee Muigai ameshampa notisi ya kuhama, naye Mama Lennox akaacha kabisa kupiga ngoma. Asubuhi tatu gari la mkate lilipiga honi likaenda zake, mimi nimelala. Wateja wakanicheka: "Mama Nyokabi, siku hizi unafungua duka kama benki." Kumbe hata mimi ni yeye aliyekuwa akiniamsha.

Nilimkuta akifunga ngoma kwa blanketi. Nikamsomea barua yako. Alikaa juu ya mzigo wake akalia kidogo, kisha akauliza kama ile hesabu ulipita. Tukaenda pamoja kwa Mzee Muigai.

Mzee akanitazama: "Waiyego, si ni wewe ulikuja hapa ukisema huna usingizi?"

Nikamwambia nimelala vya kutosha. Notisi akaichana.

Mimi bado ni wa kanisa langu, kanzu sitavaa. Lakini kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mamako

Shuleni, Ainabkoi
2 Julai 2025

Mama,

Mimi mzima, na leo hata baridi siisikii. Asante.

Nilitaka kumshukuru Mama Lennox mwenyewe nikija likizo, lakini unanijua, mbele ya mtu maneno hunikimbia. Basi mwambie tu kwamba mwezi wa nane nitakuja na hesabu nyingi. Asipunguze sauti.

Binti yako,
Nyokabi