Insha Niliyompa Mwalimu Kwenye Stesheni

Kwa Mama Numbi,
Kambi ya Musonoi,
Kolwezi, Shaba.
Tarehe 21 Juni 1993

Mpendwa Yaya Mwadi, dada yangu mkubwa,

Kwanza nakusalimu, wewe na Shemeji Mbayo na watoto. Hamjambo huko Ndola? Dodo amepona kifua? Katika barua yako ya mwisho ulisema anakohoa kila asubuhi, na mama amekuwa akiniuliza habari zake kana kwamba mimi ndiye daktari wake. Anasema umpake mafuta ya mawese mgongoni na umvalishe soksi. Mimi naongeza kwamba umpeleke hospitali, lakini usimwambie mama kuwa nimesema hivyo.

Sisi tu wazima. Baridi ya mwezi huu ni kali kuliko ya mwaka jana, na goti la mama linamsumbua akiinuka. Hata hivyo anakwenda sokoni, anarudi na habari nyingi kuliko mboga.

Naomba unisamehe kwa ukimya wangu. Barua zako mbili zilifika, na fomu ya mtihani wa Kiingereza wa huko kwenu ilifika pia, haikukunjwa hata pembe moja. Niliiweka ndani ya Biblia ya mama. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilifika kwenye salamu nikasimama. Leo nimeamua kupita hapo. Barua hii anaibeba Tata Moussa, mume wa Mama Bilkisi, yule mwenye lori. Posta siitegemei tena.

Ya hapa umeyasikia kwenye redio, sitayarudia yote. Karakana mbili zimefungwa. Katika biro yetu, ofisi ya mgodi, tulikuwa makarani tisa, sasa tuko wanne, na viti vya walioondoka bado viko mahali pake. Watu ambao wazazi wao walitoka Kasai wanafukuzwa kazini na majumbani, wanapelekwa stesheni kungoja treni ya kwenda kwa babu zao. Wengi wao hawajawahi kuona huko. Wamezaliwa hapa kama mimi.

Sasa nikueleze jinsi nilivyojitayarisha kwa mtihani, maana ndilo uliloniuliza, na maana ndani yake ndimo lilimo jambo langu.

Tangu mwezi wa kwanza nilikuwa nakwenda kwa Tata Mwamba, mchora ramani wa mgodi, siku tatu kwa juma baada ya kazi. Alijifunza Kiingereza miaka mingi kwa wahandisi wageni, na anakisema polepole, kila neno limevaa viatu. Hakutaka nimlipe chochote. Alinipa imla, alinipa insha, alinikosoa kwa kalamu nyekundu ya kuchorea ramani. Mke wake, Mama Joyeuse, alituletea chai na kutucheka. "Munasema Kiingereza kama batu benye kukula bukari ya moto," alisema, kana kwamba tuna ugali mdomoni. Halafu akipita tena na sahani, "Good morning!" na saa ni kumi na moja jioni. Mwalimu alimjibu kwa heshima zote, "Good morning, madame," nami nilikuwa na furaha, Yaya, nakwambia kweli. Nyumba ile ilikuwa mahali pekee ambapo sikuogopa kukosea.

Kilichonitisha zaidi ni mahojiano. Uliandika kwamba wasahihishaji watakuuliza habari za ukoo wako, na usipojibu kwa sentensi ndefu unapoteza alama. Mimi nilikuwa najibu neno moja moja. Basi siku moja mwezi wa pili Mwalimu alinikalisha kwenye kiti chake, akakaa kwenye kigoda changu. "Leo weye njo musahihishaji," akasema. "Niulize, usikie namna batu banajibu."

Nikamuuliza kwa Kiingereza baba yake alitoka wapi. Akajibu kwa sentensi ndefu na nzuri kwamba baba yake alizaliwa kijijini karibu na Mwene-Ditu, huko Kasai, akaja Kolwezi kijana kuchimba shaba, akapanda parachichi nyuma ya nyumba yake ya kwanza, na hakurudi tena kwao hata kwa kilio. Niliandika jibu lote kwenye daftari ili nilishike kwa moyo kama mfano.

Sikuwa nimejua. Hakuna aliyejua, nje ya jamaa zake. Jina la Mwamba liko kwetu na liko kwao, mke wake ni wa Bukama, na yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi. Watu wote wa Musonoi walimhesabu kuwa mtu wa kaskazini ya Shaba kama sisi. Alinipa neno lile kama mwalimu anavyompa mwanafunzi mfano, wala hakuniambia nilifiche, kwa sababu hakufikiri kuna haja.

Katikati ya mwezi wa tano shefu wetu, Bwana Mwenze, aliniletea orodha ya wafanyakazi wa sehemu ya ramani niipige upya kwa mashine. Ilikuwa na safu mpya: asili ya baba. Watu kumi na mmoja hawakuwa na kitu katika safu ile. Alisimama nyuma yangu. "Nkulu, mi sitaki kuona nafasi ya bure hapa. Mwenye baba yake hajulikane, utamutafuta. Ao unataka nianze na ukoo yako?"

Alikuwa anacheka. Lakini wewe unajua Koko, babu yetu, alizaliwa kando ya mto Lubilanji, huko Kasai, na unajua kwa nini mama hapendi jambo hilo litajwe. Kumi kati ya wale nilikwenda kuwauliza mmoja mmoja, wakanijibu walivyotaka, nami nikaandika walivyojibu, hata pale nilipodhani wananidanganya. Wa kumi na moja, Tata Mwamba, sikumuuliza. Nilikuwa najua tayari. Nikaandika Mwene-Ditu.

Hakuna aliyenipiga, Yaya. Hakuna aliyenishika mkono. Ningeandika Bukama, na Bwana Mwenze asingejua tofauti. Ningemuuliza kama wenzake, naye angejichagulia jibu. Nimetafuta sababu nikaona ni hii tu: niliogopa, na nikiogopa nakuwa makini, na nikiwa makini naandika kilicho sahihi. Nilipiga mstari ule bila kosa hata moja. Hata niliusoma tena.

Baada ya siku nane alipewa karatasi ya kumwachisha kazi. Siku mbili baadaye vijana wenye fimbo walikuja nyumbani kwake, wakampa mpaka saa sita mchana. Sikuwapo, nilikuwa kazini. Mama Joyeuse aliambiwa anaweza kubaki, yeye ni wa hapa. Alijibu kwamba sahani zake haziwezi kugawanywa, akafunga mzigo. Sasa nyumba ina watu wengine.

Stesheni, familia zimejaa mpaka ng'ambo ya reli. Watu wamejenga vibanda kwa milango na vitanda vyao. Mwalimu alilaza kabati lake ubavuni likawa ukuta, akatandika turubai juu. Nilikwenda siku ya tatu na unga na makaa. Unajua aliniuliza nini? "Daftari iko wapi?"

Akaendelea kunifundisha pale pale, tumekaa juu ya sanduku. Watu walitukusanyikia. Mzee mmoja alimwita, "Mwalimu, ile treni yako ni ya Kiingereza? Sababu ile ya Kiswahili haiyakuya mpaka leo!" Watu wakacheka, hata Mwalimu. Akamjibu, "Kaa kimya, tata, ao nitakupa imla." Mimi nilicheka pia, na kicheko changu kilinichukiza.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu lilikuwa bado linafanya kazi. Mama Joyeuse ana mdogo wake, Banza, fundi wa baiskeli. Kila siku Banza alileta madumu mawili ya maji, na maji stesheni ni ya kugombania. Kila siku Mama Joyeuse alimrudisha. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Beba maji yako. Nani mwingine alijua kwao na bwana yangu? Njo weye tu. Tumbo moja tulitoka, na unatuuza!" Banza alisimama pale, maji yanamwagikia viatu, akaapa kwa mama yao marehemu. Mwalimu aligeuza uso. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiingereza, tuendelee.

Nilikaa kimya siku ile, Yaya. Nilikaa kimya na siku iliyofuata. Siku kumi Banza alibeba maji na kurudi nayo, na mimi nilikunywa chai yao.

Kuna jambo jingine. Fomu yako inadai barua ya aliyekufundisha, ikithibitisha tabia ya mwombaji. Mwalimu aliiandika juu ya goti lake, kwa mwandiko wake wa ramani. Aliandika kwamba mimi ni mtu wa kweli na wa kuaminiwa, na kwamba angeniachia nyumba yake bila kufunga mlango. Nilimshukuru. Niliikunja nikaiweka mfukoni.

Jumatano ilisemekana treni itakuja Jumamosi. Mwalimu alikuwa amenipa kazi ya mwisho ya nyumbani, kwa kuwa insha ya mtihani mara nyingi huwa barua: mwandikie mtu uliyemkosea. Nilijaribu kubuni. Nilibuni kitabu nilichopoteza, nilibuni baiskeli niliyovunja. Mwishowe niliandika kweli. Niliandika kuhusu orodha, safu mpya, jibu lake la mwezi wa pili, na Banza. Ukurasa mmoja na nusu. Kwa Kiswahili nisingeweza. Kwa Kiingereza nilikuwa na kazi ya kutafuta maneno, na kazi ile ilinisaidia nisikimbie.

Alhamisi nilimpa daftari. Alichukua kalamu nyekundu akaanza kusoma kama kawaida. Alisahihisha mstari wa kwanza. Alisahihisha wa nne. Kisha kalamu ikabaki juu ya karatasi, na doa jekundu likakua taratibu. Alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Nilisikia Mama Joyeuse akichekecha unga nyuma ya kabati.

Akamwita. "Joyeuse. Tuma mutu aite Banza. Akuye sasa, na maji yake." Mama Joyeuse aliuliza kuna nini. Mwalimu aliniangalia, akaacha Kiingereza cha somo. "Enda. Enda mbio. Kama nasema hapa kwa sauti kitu ulifanya, hawa batu habatakuacha muzima. Na mi minataka kusema. Enda sasa, nisiseme."

Nilikwenda. Daftari alibaki nalo.

Ijumaa Banza alikuja kwenye lango la biro. Nilidhani amekuja kunipiga, na nilitoka nje hivyo hivyo. Hakunipiga. "Shemeji ananituma," akasema. "Anasema mutihani, uandike. Hakufundisha myezi tano bure. Lakini ile barua yake yenye kusema weye ni mutu wa kweli, uirudishe. Hapendi mutu mwingine aisome." Niliitoa mfukoni nikampa. Aliitia kwenye shati, akasimama kidogo. "Na mi, Nkulu? Siku kumi yaya yangu ananitemea mate mbele ya batu. Mi utanirudishia nini?"

Jumamosi treni ilikuja kweli. Sikwenda karibu. Nilisimama barabarani nikaona mabehewa yamejaa mpaka juu, sikuwaona wao. Mama Bilkisi, aliyekuwapo, ameniambia kwamba Banza aliwabebea mizigo, na dada yake alimshika shingo mpaka treni ikaanza kutembea. Nashukuru kwa hilo, ingawa si mimi wa kushukuriwa. Njia ni ndefu, na wanasema watoto na wazee wanakufa ndani ya mabehewa. Mwalimu ana miaka hamsini na minane.

Usidhani nimekuwa jasiri baada ya hapo. Leo Bwana Mwenze ameleta orodha ya karakana. Sikukataa. Nilisema tumbo linaniuma, nikarudi nyumbani kukuandikia wewe. Mwingine ataipiga.

Yaya, mtihani ni tarehe kumi mwezi ujao. Fomu nimeijaza, Tata Moussa atakupa pamoja na barua hii. Mahali palipoandikwa jina la mwalimu nimeandika Mwamba, kwa herufi kubwa. Barua ya kuthibitisha tabia haimo. Wakikataa fomu kwa sababu hiyo, watakuwa wamefanya haki. Wakiniruhusu, na katika mahojiano wakauliza barua iko wapi, nitawaeleza jinsi ilivyorudi kwa mwenyewe, kwa sentensi ndefu.

Lakini kabla yao uamue wewe. Ulinialika nilale kwako, nile na watoto wako. Ulimwalika Nkulu uliyemjua. Mama hajui lolote kati ya haya. Kama hunitaki mlangoni, usijisumbue kuandika sababu, mwambie tu Tata Moussa arudi na fomu, nami nitaelewa.

Nisalimie Shemeji Mbayo, na Dodo, na Pitshu ambaye sijamwona. Msalimie pia Mama Mwenda wa kanisani kwenu, mama anamkumbuka. Mungu akuweke, akulindie nyumba na vifua vya watoto, na awafikishe wazima wote walio njiani leo.

Mdogo wako anayekupenda, hata ukiwa umekasirika,

Nkulu