Sitaomba Radhi kwa Kuchomoa Ngazi

Mpendwa kaka Lado,

Mjomba Pitia amekuja asubuhi na karatasi nne zenye mistari, kalamu ya buluu, na maneno ya kuandika. Anataka niombe radhi kwa familia moja ya mtaa wa Mangateen. Niseme nilikosea, niseme mimi bado mwanafunzi na sikujua ninachofanya. Atarudi jioni kuichukua barua. Nimempa chai, nimemsindikiza mpaka langoni kwa adabu zote, kisha nimekaa nje ya tukul yako, kile kibanda chako cha udongo na nyasi, na kuandika jina lako juu ya karatasi yake. Radhi haimo humu, nakuambia mapema.

Najua ungenicheka kwa Kiswahili hiki cha shule. Mimi nilipelekwa kusoma Kenya, wewe ukabaki Uganda na kile chako cha "mimi iko najua". Tuliporudi Juba ulikuwa unaniita "mwalimu" mbele ya madereva wenzako wa boda, nami nilikuwa nanuna. Sasa nisome hivyo hivyo.

Unakumbuka kile kijito cha kwenda shule, kule Bweyale, Uganda, kabla hawajatutenganisha? Mvua ikinyesha usiku, asubuhi maji yalikuwa ya rangi ya chai na hakuna aliyejua kina chake. Uliniacha ukingoni, ukatangulia na fimbo, ukichoma chini kila hatua. Ukifika ng'ambo, unarudi, unainama, napanda mgongoni. Siku moja nililia kwamba tunachelewa na tutachapwa. Hukugeuza hata kichwa. "Wacha atuchape," ulisema. "Mtu ya kuchapwa iko hai."

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nataka unijibu, kaka: siku ya tangi, fimbo yako ilikuwa wapi?

Nitaieleza siku ile jinsi nilivyoiona mimi, kwa sababu watu wameshaipamba mno. Majirani zetu hapa Hai Malakal walitaka tangi lao lioshwe, lile la saruji lililochimbwa ardhini, linalojazwa na lori la maji. Rafiki yako Okello, fundi wa pampu, alikuja na mashine yake ya petroli. Maji ya mwisho yalikuwa chini sana na bomba lilikuwa fupi, basi akafanya kama wanavyofanya mafundi wote wa mji huu: akaifunga mashine kwa kamba ya buluu, akaishusha ndani ya tangi, akaiwasha humo humo. Tope lilipokwisha akaizima, akashuka na ufagio. Ulipomwita hakujibu.

Sisi wawili tulikuwa tunakula asida kando ya tangi. Ulisimama na ugali bado kwenye vidole. Ulivua sandali ukanipa. "Shika," ulisema, na mimi nikashika. Ulishuka ngazi haraka, kama mtu anayeshuka kitandani. Katikati ya ngazi mkono wako uliachia. Hukupiga kelele. Nilisikia kishindo kimoja, halafu nikasikia redio ya jirani.

Moshi wa injini hautoki haraka kwenye shimo lenye mdomo mmoja. Gesi yake mbaya haina rangi wala harufu, inabaki hata mashine ikishazimwa, na mtu anaanguka kabla hajajua kwamba anaanguka. Haya nimejifunza baadaye. Siku ile nilijua kushika sandali tu.

Kwenye matanga Mjomba alisimama akasema umekufa kiume, umekufa kwa ajili ya rafiki. Watu wakaitikia. Mama alipata nguvu kidogo kwa maneno yale na sikutaka kumnyang'anya. Lakini nilikuwa jikoni nimeshika sufuria na nilitamani kuirusha. Okello alikuwa amekufa. Wewe ulikuwa umekufa. Hakuna aliyeokolewa, na watu wanashangilia!

Ndiyo sababu nilijiandikisha kwenye mafunzo ya wahudumu wa dharura, wale wanaokwenda na ambulensi. Mwalimu wetu ni mama wa Kikenya mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Mambo mengi nilishika upesi. Nilijifunza kuvaa glavu kabla ya kugusa damu, hata kama anayevuja ni ndugu yako. Nilijifunza kunyanyua mgonjwa kwa nguvu za mapaja na kuuacha mgongo wangu kwa ajili ya uzee. Nilijifunza kwamba aliyegongwa hatumkalishi kwenye boda katikati ya watu wawili, shingo ikicheza, kama ulivyobeba majeruhi wangapi sijui, ukijivunia mwendo wako. Na kwamba aliyezimia hanyweshwi maji, hata shangazi wote wakilia apewe. Haya yote niliyapata.

Swali moja lilinishinda. Mwalimu aliweka mwanasesere chini ya meza, akamzungushia waya wa umeme, akauliza, "Keji, ukifika hapa, nani wa kwanza kuwa salama?"

"Mgonjwa," nikajibu.

"Umekufa. Sasa niko na wagonjwa wawili na hakuna wa kunisaidia. Rudi nyuma."

Darasa lilicheka. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikajibu vile vile. Mara ya tatu aliniita pembeni. "Wewe si mjinga. Nini inakusumbua?" Sikumwambia. Jibu sahihi lilikuwa "mimi", na ningelisema tu, ningekuwa nimekubali kwamba ulikosea, kwamba tulikuzika kwa sababu ya kosa, na kwamba kosa lenyewe mimi nililishikia sandali.

Halafu ikaja Mangateen.

Ni wiki tatu sasa. Mwalimu, dereva na mimi tulifika tukakuta watu wamejaa uani wakiliangalia shimo. Tangi la ardhini, pampu ya petroli ndani yake, kamba ile ile ya buluu. Aliyekuwa chini anaitwa Taban. Kaka yake, Soro, alikuwa ameshavua shati. Mguu mmoja ulikuwa kwenye ngazi.

Kaka, nisikilize vizuri hapa. Alikuwa amevua sandali na kuzipanga vizuri kando ya shimo.

Nilipiga kelele asishuke. Hakunisikia, au alinisikia kama unavyomsikia mbu. Nikamvuta kwa mkanda akaanguka chali, nikaishika ngazi kwa mikono miwili nikaichomoa mle shimoni, nikaitupa kwa dereva. Fikiria walivyoona: mtu yuko chini anakufa, na msichana wa ambulensi anaondoa ngazi.

"Ya bit, wewe msichana, rudisha ngazi!" mama yao alilia. "Rudisha, mtoto yangu iko ndani!"

"Hakuna anayeshuka," nilisema. "Hewa ya humo inaua. Leteni kamba. Nani ana kulabu ya kutolea ndoo kisimani?"

Mama alinipiga kofi. La pili nililiona likija na sikuinamisha uso. Soro aliinuka akanisukuma, nikasimama tena kati yake na shimo. Mwalimu alikuwa kwenye simu na wazima moto, huku akiwaambia vijana wavute pampu juu na kupepea hewa ndani kwa turubai. Mwanamke mmoja muuza mandazi alikimbia akaleta kulabu, zile ndoana nne zilizofungwa pamoja. Tuliitupa mara nyingi. Iliteleza begani, ikateleza kiunoni, mwisho ikakamata mkanda wake, tukavuta wote, hata Soro alivuta.

Alikuwa hapumui. Nilikandamiza kifua chake, mwalimu akampulizia hewa kwa ule mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono, tukabadilishana, tukaendelea mpaka hospitali na bado tukaendelea. Taban hakurudi.

"Wewe umeua ndugu yangu," Soro aliniambia kwenye mlango wa hospitali. "Mimi nilikuwa naenda kumfikia. Mimi nilikuwa karibu!"

"Ungemfikia," nilimjibu. "Ungelala juu yake."

Nilisema kikatili, najua. Hakuna namna laini niliyoijua. Tukiwa tunasafisha ambulensi kwa klorini, mwalimu aliniuliza bila kuniangalia, "Nani wa kwanza?" Nikasema, "Mimi." Nililia juu ya machela, yeye akaendelea kupiga deki. Sikulia kwa ajili ya Taban peke yake.

Nilikwenda msibani kwao. Nilipeleka sukari na majani ya chai, nikakaa kwenye mkeka na wanawake, na aliyetaka kuninunia alininunia. Namlilia Taban kwa moyo wangu wote. Najua huenda dakika zile tulizohangaika na kulabu ndizo zilizommaliza, na nitazibeba. Lakini wazee wao wanataka neno "nimekosea", na Mjomba amewaahidi kwamba litakuja kwa maandishi.

Leo asubuhi nilikataa, naye akatoa lile alilokuwa amelificha. "Kaka yako hangechomoa ngazi," alisema. "Lado hakungoja."

Kweli hakungoja, Mjomba. Ndiyo maana leo unabishana na mimi badala ya kubishana na yeye.

Sikumwambia hivyo, nilimmiminia chai. Lakini nitamwambia jioni. Nitamsomea barua hii yote kwa sauti hapa hapa uani, Mama akisikia, na anayetaka kuipeleka Mangateen aipeleke. Nimechoka kukutukuza, kaka. Ulikuwa na moyo mkubwa na ukautupa kwenye shimo kwa dakika moja, wewe uliyenifundisha kupima maji kwa fimbo kila asubuhi ya utoto wangu. Nakupenda na nimekukasirikia, na sioni kwa nini nichague moja. Wakisimama tena kusema ulikufa kiume, nami nitasimama. Nitasema ulikufa kwa sababu hakukuwa na mtu aliyekuvuta mkanda. Mtu huyo nilikuwa mimi, nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwako, na mikono yangu ilikuwa na kazi ya kushika viatu. Sitashika tena viatu vya mtu.

Asubuhi ambulensi yetu hupita Mangateen. Soro amepata kazi kwenye karakana ya matairi pale barabarani. Kila akiniona dirishani, anaacha tairi, anasimama wima, anatema mate chini mpaka vumbi linaruka. Jana alitema mara mbili. Dereva aliniuliza kama tubadilishe njia.

Nilimwambia apite hapo hapo, na apunguze mwendo, nimwone vizuri. Anatema kwa nguvu, kaka. Ana mapafu mazuri sana.

Karatasi za Mjomba zimekwisha. Lala.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni,
Keji